Upatanisho wa Banda la Tisa

Kila aliyeingia katika kiwanda cha Chilanga alivishwa sikio kwanza. Lilikuwa dogo kama kifungo cha koti, lilibanwa kwenye ukosi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kusikiliza viambishi. Aliyesema "kitoweo kimekula" alipita salama. Aliyesema "kitoweo amekula" alisikia mlio mfupi chini ya kidevu, na kosa lake likaandikwa. Makosa matatu ndani ya mwezi mmoja yalitosha kumtoa mtu kazini.

Mwaja Chilongani, daktari wa mifugo na mkaguzi wa serikali, alikuwa amevaa sikio kwa miaka minne bila kuandikiwa kosa hata moja. Jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Katika mfuko wa koti lake jeupe alibeba kalamu nyekundu, na alipokuta tangazo ukutani lenye upatanisho uliopinda, alilinyoosha hapo hapo na kuendelea na safari yake.

Sheria yenyewe ilizaliwa mahakamani. Vitoweo vya kwanza vilipoanza kukuzwa katika nyanda za Ugogo, watu wawili walishtakiana kuhusu kilichokuwa kinaning'inia kwenye nyavu za mabandani. Kilikuwa na uzito wa ndama wa miezi sita, ngozi isiyo na manyoya, moyo, mapafu na tumbo. Hakikuwa na miguu, kwa sababu miguu hula chakula bila kurudisha nyama ya maana. Hakikuwa na macho wala masikio. Ubongo ulikuwa umepunguzwa hadi sehemu ile inayoendesha pumzi na mapigo ya moyo, na wataalamu waliapa kwamba sehemu hiyo haijui maumivu. Je, huyu ni mnyama, au hiki ni chakula ambacho hakijapikwa? Majaji walishindwa kuamua kwa darubini, wakaamua kwa sarufi. Jinsi wanaokihudumia wanavyokitaja, walisema, ndivyo kilivyo. Bunge likapitisha Sheria ya Upatanisho. Tangu hapo kila cheti kilichosainiwa na mkaguzi kilisomwa na mashine moja, iliyoitwa Msajili. Kilichotajwa kwa "a" na "wa" kiliingizwa katika Daftari la Viumbe, na sheria ikakilinda. Kilichotajwa kwa "ki" na "vi" kiliingizwa katika Daftari la Vitu.

Jumanne hiyo Mwaja alikuwa amekuja kutoa cheti cha robo mwaka cha Banda la Tisa. Kwenye lango aliupita ubao wa kila siku: VIBARUA VYA BANDA LA TANO VIMEFUNGWA. VIBARUA VYA BANDA LA TISA VIKO WAZI. Hayo yalikuwa mazoea ya Chilanga. Kibarua, yaani ile kazi ya kutwa, kilifunguliwa na kufungwa kama duka. Aliyeifanya naye aliitwa kibarua, lakini hakuna aliyechanganya, kwa kuwa kazi ilikuwa "kile kibarua" na mtu alikuwa "yule kibarua". Herufi chache zilitosha kuwatenganisha.

*

Vibarua wa Banda la Tisa walikuwa kumi na mmoja, na mkuu wao alikuwa Mama Sechelela, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Alimsalimu Mwaja kwa Kigogo, "Mbukwenyi, Daktari," kwa sababu lugha hiyo sikio halikufundishwa, kisha akaupeleka mkono wake wa kulia nyuma ya aproni. Mwaja aliuomba. Mama Sechelela akakataa kwa heshima, akaombwa tena, akautoa.

Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na kidonda kipana kama jani la mpera, kingo zake za kijani kibichi. Kilikuwa na majuma kumi. Mwaja aliwaita wengine, akawapanga kwa mstari, akakagua mikono kama mwalimu wa zamu anavyokagua kucha. Wanane kati ya wale kumi waliobaki walikuwa nacho. Kwa mmoja wao, kijana wa kihuni aliyeitwa Yoramu, kilikuwa kimefika kwenye kiwiko.

Yoramu hakuutazama mkono wake. Alikuwa na hadithi ya kusimulia. Sikio hili limemharibia nyumba, alisema; juzi amerudi nyumbani akamwambia mke wake, "Mtoto kimelala, chakula ameiva," na tangu siku hiyo analala sebuleni na kuku. Wenzake walicheka, na Mwaja naye akacheka, huku akiandika: usaha, homa, uvimbe wa kwapa.

Chanzo hakikuwa siri. Nyama isiyotembea wala kuona jua hujaa maji kwenye mapafu, na bila dawa nusu ya vitoweo vingeharibika ndani ya mwezi wa kwanza. Kwa hiyo dawa ya kuua bakteria ilitiwa katika uji uliopita kwenye kila mrija, asubuhi na jioni, kwa vizima na vigonjwa pasipo kubagua. Bakteria walijifunza. Dawa ya kwanza iliwashinda kwa miaka miwili, ya pili kwa mwaka mmoja. Sasa kilichotiwa katika uji kiliitwa Akiba, dawa ambayo madaktari wa nchi nyingi walikubaliana kuihifadhi kwa ajili ya binadamu, itumike pale tu nyingine zote zinaposhindwa. Mgonjwa wa hospitali aliyeihitaji alisubiri kibali cha Tume iliyoilinda dawa hiyo kwa siku arobaini. Chilanga iliimimina kwa mapipa. Katazo lilitaja "mnyama yeyote anayefugwa", na kitoweo hakikuwa "anayefugwa".

Wengine waliporudi kwenye nyavu zao, Mama Sechelela alimshika Mwaja mkono akampeleka hadi mwisho wa safu, kwenye kitoweo namba 212. Alimwomba atazame tu, asitamke neno. Kisha akainama karibu na ile nyama iliyoning'inia.

"Wewe," alisema polepole. "Umeamkaje, wewe?"

Ile nyama ikageuka. Wavu ulisokota, mrija ukavutika, na upande ambao kichwa kingekuwa ukaifuata sauti yake. Mama Sechelela akazunguka upande wa pili, akaita tena, na ikageuka tena. Mwaja aliporuhusiwa kuita yeye, haikutikisika. Halafu Mama Sechelela, kwa uso wa mtu anayeomba radhi, alifinya kwa nguvu ngozi ya ubavu. Kupitia kwenye mrija ikatoka sauti nyembamba, ya mvumo, ambayo haikukoma mpaka alipoweka kiganja pale alipofinya.

"Sikio halina neno na 'wewe'," alisema. "Nimekaa mwaka mzima nikilichunguza. Ukisema naye uso kwa uso, halijui kama ni mtu au ndoo."

Sikio lake likalia. Lilikuwa limeikamata ile "naye".

"La pili mwezi huu," alisema Mama Sechelela, na akajipangusa mkono kwenye aproni.

Mwaja alibaki amesimama. Kichwani mwake kulikuwa na sentensi moja, nayo ilikuwa na kosa: analia.

*

Meneja wa kiwanda, Bwana Eliamani Mgonja, alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka kumi na miwili kabla ya kuingia katika biashara ya nyama. Alikuwa mpole. Alimimina chai mwenyewe, akauliza hali ya barabara, akasikiliza bila kukatiza hadi Mwaja alipomaliza.

Mwaja alikuwa amejiandaa kwa mabishano. Alieleza kwamba vitoweo vya Banda la Tisa vina kumbukumbu na vina maumivu, kwamba ataviandika kwa "a" na "wa", na kwamba kuanzia dakika Msajili atakapokisoma cheti hakuna hata kimoja kitakachochinjwa. Alieleza pia habari ya vidonda.

Mgonja hakubishana. Alisema kwamba mkaguzi ni mkaguzi, aandike anavyoona, kiwanda kitatii. Kuna jambo moja tu la utaratibu. Banda likisimama, haliwezi kuwa na kazi za kutwa.

"Vibarua vya banda lile tunavifunga leo, saa tisa alasiri," alisema.

Mwaja aliona mantiki yake, na zaidi ya hapo alihisi faraja. Mama Sechelela na wenzake wangepoteza kazi, ndiyo, lakini wangetoka mle ndani, wakafike hospitali, wakaoshwe vidonda na watu wenye glavu safi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mambo mawili mema kwenda pamoja. Aliandika cheti chake: Vitoweo wote wa Banda la Tisa wanahisi, wanakumbuka, wasichinjwe. Aliisoma tena ile "wa", akafurahia uzuri wake.

Mgonja akamsogezea kiambatisho cha mstari mmoja. Vibarua wa Banda la Tisa: kufungwa saa tisa alasiri hadi maambukizi yatakapokwisha.

Mwaja alisoma mara moja. Jicho lake likakwama pale ambapo macho ya aina yake hukwama siku zote. Zinafungwa kazi, na kazi ni "vibarua vya". Alitoa kalamu nyekundu, akaikata "wa", akaandika "vya" juu yake kwa mwandiko safi, akatia herufi za jina lake pembeni kama kanuni inavyotaka, kisha akasaini.

"Ahsante sana, Daktari," alisema Mgonja, akikausha wino kwa kuupepea. "Hayo madogo madogo huniponyoka."

*

Alirudi Ijumaa asubuhi kuona jinsi viumbe wake walivyotunzwa. Walitunzwa vizuri. Kupitia ukuta mpya wa kioo aliona kwamba taa kali zilikuwa zimebadilishwa kwa taa hafifu za rangi ya asali. Nyavu zilikuwa zimetandikwa sufi ili zisiwakate ngozi. Namba 212 alikuwa amelazwa kwenye godoro.

Kisha aliwaona watu.

Walikuwa wameketi sakafuni katikati ya safu, migongo wameegemeza kwenye nguzo, wengine wamelala. Mlango uliokuwa wazi Jumanne ulikuwa umezibwa kwa bati na kuchomelewa. Aliwahesabu kwa kidole kwenye kioo, akarudia. Walikuwa kumi.

"Yoramu yuko wapi?" aliuliza.

Sikio lake likalia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne, na aliuinua mkono hadi kwenye ukosi kama aliyeumwa na nyuki.

Mgonja, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alimwonyesha ubao wa taarifa za banda. Mstari wa mwisho ulisema: Kibarua namba 7 kimeharibika Alhamisi, kimeondolewa.

Alimweleza kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama anayemsaidia mwanafunzi mzuri aliyepotea katika hesabu rahisi. Viumbe wa Banda la Tisa sasa wanalindwa. Hawachinjwi, na sheria inawapa haki ya kuhudumiwa na wale waliowazoea. Lakini wana maambukizi, na kinachogusa maambukizi hakitoki. Binadamu hawezi kufungwa bila amri ya hakimu. Kibarua kinaweza. Msajili alisoma kiambatisho saa tisa kasoro dakika tano, akakuta vibarua kumi na kimoja vya banda, vifungwe, na akaviingiza katika daftari linalovihusu. Saa tisa kamili mlango ulifungwa.

"Ulisema kazi," alisema Mwaja. "Ulisema unafunga kazi."

"Nilisema vibarua." Mgonja alikunja kiambatisho mkononi mwake, akakikunjua tena, ili Mwaja aone. Herufi nyekundu zilikuwa bado zinang'aa. "Mimi niliandika 'wa', Daktari. Kwa 'wa' ningehitaji hakimu, na nilikuwa tayari kumtafuta. Kalamu nyekundu ni yako."

Mwaja aliuliza marekebisho ya daftari husikilizwa lini. Husikilizwa mara moja kila robo mwaka, Mgonja alijibu. Kikao kijacho kiko baada ya siku themanini na tatu, na mkaguzi ana haki ya kufika. Akamwacha hapo, kwa sababu alikuwa na wageni.

Mwaja alibonyeza kitufe cha spika kwenye kioo. Mama Sechelela aliinuka kwa shida, akaja. Aproni alikuwa ameivua na kuifunga mkono nayo, na juu ya kitambaa, kuanzia kwenye kiwiko kuelekea begani, mstari mwekundu ulikuwa umechorwa chini ya ngozi. Mwaja alijua mstari ule. Kwa ng'ombe angeupa siku tatu. Kwa mwanamke wa umri huo, mwenye mwili ule, siku nne.

Alimwambia yote. Alimwambia habari ya kalamu, kwa kuwa hakuona jinsi ya kuiruka. Mama Sechelela alisikiliza akiwa ameelekeza uso upande mmoja, kama anayesikiliza noti ya kuanzia.

"Nilidhani wewe ndiye uliyetuma lile godoro," alisema mwishoni.

Chini ya spika palikuwa na skrini ya maombi, na kila kilichoandikwa upande huu kilionekana upande wa pili pia. Mwaja aliandika haraka: Sechelela Masinga anahitaji dawa ya Akiba, sindano, mara mbili kwa siku. Jibu lilikuja kabla hajaondoa vidole. Ombi la dawa ya akiba kwa binadamu limepelekwa kwenye Tume. Muda wa kusubiri: siku arobaini.

Alijua kilichofuata, kila aliyefanya kazi Chilanga alikijua. Bohari ya Akiba ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, mapipa yamepangwa hadi darini. Ombi la kitu halikwenda kwenye Tume. Lilikwenda kwa mtunza bohari, chini ya kifungu cha matengenezo, na liliitikiwa ndani ya saa moja.

Alifuta sentensi yake, akabaki anatazama nafasi tupu. Siku ya kikao wangesoma kila neno aliloliandika tangu Jumanne. Ile "vya" moja angeweza kuieleza: ni kosa la kalamu, ni uelewa mbaya, ni udanganyifu wa meneja. Lakini "ki" ya leo isingekuwa na maelezo. Ingeandikwa na daktari mwenye akili timamu, akimtazama mwanamke huyo usoni, akijua. Mahakama haikuhitaji ushahidi mwingine. Sheria ilisema wazi kwamba jinsi anayehudumia anavyotaja, ndivyo kilivyo. Wale kumi wangebaki katika Daftari la Vitu maisha yao yote, na baada yao, kwa mfano wao, vibarua wa kila banda nchini. Asipoandika, wangeshinda kesi. Wangeshinda wakiwa wamekwisha kufa siku sabini na tisa kabla.

Akabonyeza spika.

"Mama, niandikeje?"

Mama Sechelela alikuwa amekwisha kumgeuzia mgongo nusu. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya ubavu wa namba 212, pale alipomfinya Jumanne, na ule mwili usio na macho ulikuwa umegeukia upande wake.

"Usiniulize mimi," alisema. "Mimi ninamlisha huyu. Leo amekula vizuri."

Sikio lake halikulia. Lilikuwa sahihi.

Nyuma ya Mama Sechelela mtu alikohoa kwa muda mrefu, akaanguka ubavu, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumnyanyua. Mwaja alihesabu waliokuwa wameketi na waliokuwa wamelala. Kisha aliandika, taratibu, kwa usahihi, bila kukosea herufi:

Kibarua namba 1 kinahitaji Akiba. Vibarua namba 2 hadi 11, isipokuwa namba 7, vinahitaji Akiba. Vipewe leo.

Jibu: Limekubaliwa.

Dakika arobaini baadaye mkanda uliopeleka uji ulianza kuzunguka, ukaleta sanduku la kadibodi upande wa ndani. Juu yake palikuwa na maandishi mawili, ya zamani yaliyochapwa kiwandani na mapya yaliyobandikwa asubuhi hiyo: KWA VITOWEO. Mstari ulikuwa umepigwa juu yake. KWA VIBARUA.

Mama Sechelela alisoma sanduku. Kisha alisoma skrini, polepole, akifuata kila neno kwa kidole kwenye kioo, hadi mwisho. Akamimina sindano kwenye aproni ya mwenzake iliyotandazwa sakafuni, akawachoma wenzake mmoja mmoja kuanzia aliyekuwa na hali mbaya zaidi, akajichoma yeye wa mwisho, begani, juu ya ule mstari. Alipomaliza alirudi kwenye kioo. Kanuni ilitaka mkuu wa banda athibitishe kwa sauti kwamba vifaa vimefika.

Alimtazama Mwaja machoni, bila hasira yoyote inayoonekana.

"Kimepokea, Daktari," alisema.

Sikio halikulia.